Usizime kabla ya chemko

Swali:

“Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 59, mzaliwa wa Morogoro. Nilikuwa kwenye biashara ya mawe. Kutoka Tunduru niliwafuata wanunuzi wa Kithai hadi Chanthaburi, Thailand, mwaka 1996, nikaoa huko. Huu ni mwaka wa tisa tunaishi kijijini kwao mke wangu, mkoa wa Roi Et, mashamba ya mpunga pande zote. Riziki sina shida nayo. Shida yangu ni usiku. Wakishalala wote navaa spika za masikioni nasikiliza bendi zetu za dansi, Sikinde, Juwata, Vijana, Maquis, na machozi yananitoka kama mtoto. Cha ajabu, kila wimbo ukifika kwenye chemko, pale mwendo unapochangamka, nauzima, nahamia mwingine. Kanda nilizokuja nazo zimeota ukungu. Usiku mmoja mke wangu alinikuta katika hali hiyo akaogopa. Anasema khwan yangu, yaani roho inayoukaa mwili, imepotea, na anataka kuwaita wazee wanifunge nyuzi mkononi. Mchana nako spika za kijiji zinapiga miziki yao mpaka kichwa kinagonga. Je, naumwa? Nirudi nyumbani? Na hizo nyuzi nikubali?”

Jibu:

Kaka, shikamoo yako naipokea kwa haya, maana tumepishana miaka miwili tu. Umeuliza matatu, nami naanza na la mwisho kwa sababu ndilo jepesi: nyuzi kubali ufungwe. La kurudi nyumbani, usikate shauri sasa. Na la kuumwa, kwa nilivyoisoma barua yako sioni ugonjwa, ingawa kuna mambo mawili matatu utajichunguza mwenyewe, nitayataja mbele. Kilichonishika zaidi ni sentensi uliyoipitia mbiombio kana kwamba ni ya pembeni: wimbo ukifika kwenye chemko unauzima. Hapo ndipo nilipopiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Hali yako ilipewa jina la kidaktari zamani sana. Mwaka 1688, mji wa Basel, kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Johannes Hofer, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, akapata nostalgia. Alikuwa amewaona Waswisi wakiwa ugenini wanakonda, hawalali, wanalia bila kupigwa. Akaandika kwamba ni ugonjwa, na kwamba dawa ya uhakika ni kumrudisha mgonjwa kwao. Enzi hizo Waswisi wengi walikodiwa kama askari katika majeshi ya wafalme wa nje. Mwanafalsafa Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, akasimulia habari ya wimbo wa wachunga ng'ombe wa milimani: askari wa Kiswisi wakiusikia walilia, wakatoroka au wakafa, hata ukapigwa marufuku jeshini, na adhabu ya kuupiga ilikuwa kifo. Lakini Rousseau aliongeza neno ambalo mimi huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Alisema nguvu hiyo haimo ndani ya wimbo. Kwa mtu mwingine yeyote wimbo ule si kitu. Kwa Mswisi haufanyi kazi kama muziki, unafanya kazi kama alama ya kukumbusha.

Baada ya miaka thelathini Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alilitazama jambo hilohilo akaona alichokosa kukiona daktari. Wagonjwa hao wakirudishwa makwao, aliandika mwaka 1798, wanavunjika moyo, na papo hapo wanapona. Wanadhani mji umebadilika. Kumbe walichokuwa wakikililia ni ujana wao, nao haukuwa umekaa kijijini ukiwasubiri. Liweke hilo kando, tutalihitaji tukifika kwenye habari ya tiketi.

Leo tunavyo vipimo. Mtu aliyevuka miaka arobaini ukimwambia akueleze maisha yake, kumbukumbu hazitoki sawasawa. Zinajazana pale alipokuwa na umri wa miaka kumi hadi thelathini hivi. Kwa muziki nako mrundikano huo upo. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Holbrook na Schindler, waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo za miaka tofauti wakawauliza wanazipenda kiasi gani. Nyimbo zilizopendwa zaidi zilikuwa zile zilizotamba mtu alipokuwa na miaka 23 na nusu. Piga hesabu yako: ni karibu mwaka 1990, Sikinde na Msondo, ndiyo Juwata yako, wakiugawana mji, kila mtu ana upande wake na hataki kusikia la mwenzake. Hujaganda wewe. Umri ule ndio wa mambo ya mara ya kwanza: mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, mtu wa kwanza aliyekukataa. Nyimbo zilizokuwa zikipigwa nyuma ya mambo hayo zimeshikamana nayo kama ugali na sufuria.

Kuna jambo la pili, nalo ni la faraja. Wanasaikolojia wa Southampton, Uingereza, akina Wildschut na Sedikides, tangu mwaka 2006 wamekuwa wakionyesha kwamba kinachowasha hamu ya aina yako mara nyingi ni upweke, na kwamba mtu akishakumbuka, upweke unapungua. Anajiona yuko karibu na watu, anapendwa. Maana yake, usiku wako na Sikinde si maradhi. Ni mwili unaojitafutia dawa. Tatizo ni kwamba dozi unaikatisha katikati.

Wewe na mimi tunajua wimbo wa dansi umekaaje. Unaanza polepole. Mwimbaji anaeleza msiba wake: mke kaondoka, rafiki kamsaliti, mtoto kafa, mshahara hautoshi. Beti mbili tatu, sauti zinapandana, gitaa la rithim linasaga taratibu. Halafu ngoma inabadilika. Solo linachomoza, tarumbeta zinajibu, waimbaji wanashika kiitikio kimoja na kukirudia, na watu waliokuwa wamekaa na bia zao wanasimama. Ndiyo chemko hiyo. Hapo ndipo yule aliyeachwa na mkewe anaingia uwanjani na watu mia mbili, na msiba wake unachezwa na kila mtu. Hakuna aliyekwenda dansini kusikiliza nusu ya kwanza akarudi kulala. Ile nusu ya kwanza ni kilio, na nusu ya pili ni matanga, watu wanapokuja kukaa nawe. Wewe kila usiku unachukua kilio, matanga unayafukuza. Nakuelewa kwa nini. Chemko inataka mwili na inataka watu, na saa tano usiku, ukiwa na nyaya masikioni, huna hata kimoja. Kwa hiyo unarudi kwenye kilio kingine.

(Saa tano, nasema. Umewahi kuona kwamba Wathai wa kijijini wanahesabu usiku kama sisi? Saa moja yetu ya usiku wao ni nueng thum, thum ya kwanza. Saa mbili ni song thum. Saa tano ni ha thum, na ha ni tano. Wageni kutoka Ulaya huvurugikiwa kabisa hapo. Mswahili anapita bila kujikwaa.)

Sasa tutoke nje ya chumba chako tuangalie ulikohamia, maana naona miaka tisa umekaa juu ya mgodi hujachimba, na kuchimba ndiyo ilikuwa kazi yako.

Uwanda mkubwa unaoanzia kusini ya Roi Et na kuingia mikoa ya Surin, Sisaket, Yasothon na Maha Sarakham, ule unaotoa mchele wa hom mali unaonukia, unaitwa Thung Kula Ronghai. Thung ni uwanda. Ronghai ni kulia machozi. Kula si kula chakula, ni jina la watu: wafanyabiashara wachuuzi waliotoka pande za Burma, wengi wao Washan, wakizunguka Isan, yaani kaskazini-mashariki ya Thailand uliko wewe, kwa miguu na mizigo begani. Wazee wanasimulia kwamba walipouvuka uwanda huu wakati wa kiangazi, hakuna mti wala maji, na mwisho wake hauonekani, walikaa chini wakalia. Hao Kula, wenzao ndio waliokuwa wachimbaji wa mawe upande wa Chanthaburi na Pailin katika karne ya 19. Kwa hiyo, kaka, mfanyabiashara mgeni, mtu wa mawe, anayelia katika mashamba ya Roi Et: si kituko kwa majirani zako. Ndiye aliyelipatia eneo zima jina.

Na ile miziki inayokugonga kichwa asubuhi, mwenyekiti wa kijiji anapofungua spika za mnarani kabla ya kutangaza habari za chanjo na mikutano, unajua inaimba nini? Kwa sehemu kubwa ni luk thung, yaani watoto wa mashamba. Jina hilo lilishika miaka ya 1960, wakati wanavijiji walipokuwa wakimiminika Bangkok kubeba zege na kufanya kazi za ndani. Mfalme wake wa kwanza alikuwa Suraphon Sombatcharoen, mtu wa Suphan Buri, aliyepigwa risasi akafa mwaka 1968 akiwa kileleni. Malkia wake ni Pumpuang Duangjan, binti wa vibarua wa miwa, ambaye hakujua kusoma na alishika mashairi yote kwa masikio. Alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 30, na hadi leo watu huenda kwenye sanamu zake kuomba namba za bahati nasibu. Kutoka kwenu Isan wamo Mike Piromporn wa Udon Thani, mwimbaji wa makuli na vibarua, na Tai Orathai wa Ubon, anayewaimbia wasichana walioondoka kijijini kwenda kutafuta kazi na shule mjini. Sikiliza maneno: mama amebaki peke yake, nyati wa kulimia ameuzwa, mpenzi amepotelea mjini, mvua imenyesha nyumbani na mimi sipo kupanda. Ni muziki wa watu walio mbali na kwao. Umekuwa ukikimbia nyimbo za hamu ya nyumbani ili ukasikilize nyimbo za hamu ya nyumbani.

Tena usidhani ni Bangkok tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 wanaume wengi wa Isan walikwenda Saudi Arabia kujenga, baadaye Taiwan, na Israel mashambani. Katika nyumba za matofali unazopita kila siku, zimo zilizojengwa kwa fedha hizo. Yule mzee jirani anayekaa barazani na redio yake, muulize alikuwa wapi mwaka 1983. Huenda alilala kambini Riyadh na kanda zake za kwao, zikiingia mchanga badala ya ukungu. Ukimweleza yanayokupata saa tano usiku, sidhani kama atakushangaa. Atakuuliza ulikuwa unasikiliza nani.

Halafu kuna molam, ambayo ni ya ndani zaidi kuliko luk thung. Mo ni fundi, lam ni kughani. Kinachomfuata fundi ni khaen, zile filimbi za mianzi zilizopangwa safu mbili, kwa kawaida 16, zinazopulizwa na kuvutwa pumzi bila kukatika. Mpigaji anaziba tundu moja au mawili kwa nta ili sauti ziendelee kuvuma chini ya wimbo mzima, na mvumo huo ndio unaokaza koo la Mlao popote alipo, na watu wa Isan wengi ni Walao kwa asili. Mwaka 1865 mfalme Mongkut wa Siam, ndiyo Thailand ya leo, alipiga marufuku muziki huu wa khaen, kwa kuwa ulikuwa umewateka watu hata Bangkok ukaanza kuimeza michezo ya Kisiam yenyewe, na akaulaumu pia kwa ukame. Waswisi, kwa simulizi ya Rousseau, walikatazwa wimbo wao kambini, Walao wakakatazwa filimbi yao mjini. Marufuku zote mbili hazikufua dafu. Mwaka 2017 UNESCO iliandikisha muziki wa khaen wa watu wa Laos katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Nilikaa Khon Kaen miezi kadhaa kwa ajili ya utafiti. Kati ya yote niliyoyaona, lililonikalia ni usiku mmoja wa molam katika kiwanja cha hekalu, nje kidogo ya Maha Sarakham. Tulitandika mikeka saa mbili. Bibi mmoja akanisogezea wali wa kunata na kachumbari ya papai bichi yenye samaki wa kuvundikwa. Nilikula kwa adabu, na usiku ukawa mrefu. Waligawana jukwaa mwanamume na mwanamke, kwa mtindo wa zamani, wanajibizana. Kwanza huja mwendo mfupi, maneno mengi, mashairi ya elimu na mafumbo. Karibu na alfajiri huja mwendo mrefu, unaovutwa, wa kuagana na kusikitika. Watu waliokuwa wamelala wanaamka na wazee wanafuta macho. Mimi nilidhani imekwisha, nikaanza kukunja mkeka. Bibi akanishika mkono. Khaen ikabadilika, mapigo yakachangamka, wale wawili wakaanza kutongozana kwa vijembe, na kiwanja kizima kikasimama. Sehemu hiyo wanaiita toei. Kilio kwanza, chemko baadaye, hadi majogoo. Nilikaa pale nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Usinielewe vibaya: molam si dansi, na sitaki ujilazimishe kuipenda. Masikio ya miaka 59 hayafundishwi upya kwa amri. Lakini jaribu mlango mmoja, phin, lile gitaa dogo la Isan. Gitaa la umeme na muziki wa bendi vilizagaa kwenu wakati kambi za ndege za Marekani zilipokuwa Udon, Ubon, Korat na Nakhon Phanom, hadi askari wa mwisho walipoondoka mwaka 1976, na phin nayo ikaingia kwenye umeme. Wapenzi wake humtaja Thongsai Thapthanon wa bendi ya Phet Phin Thong kuwa baba wa mtindo huo. Siku ya kumpeleka kijana utawani utaona gari la spika linatambaa barabarani, besi na ngoma zinazunguka palepale, na phin juu yake inakata, inarudia, inakata. Usisikilize mwimbaji, sikiliza ile phin tu. Mtu aliyelelewa na solo la Sikinde atajua la kufanya na kiuno chake.

Nirudi kwa mkeo. Aliposema khwan imepotea hakusema una wazimu, wala hakusema una shetani. Katika imani ya Isan mwili unakaliwa na khwan 32, nazo ni nyepesi: mtu akistuka, akiugua, akisafiri mbali, moja au zaidi inaweza kubaki nyuma. Ndiyo maana humfanyia su khwan bwana harusi, anayetoka hospitali, anayeingia utawani, anayeondoka, anayerudi, hata mgeni aliyefika. Wanasuka majani ya migomba na maua kama mnara mdogo, wanaweka wali na yai la kuchemsha, mzee anayejua maneno anaiita khwan irudi nyumbani kwake, kisha kila mtu kwa zamu anakufunga uzi mweupe wa pamba kwenye kifundo cha mkono huku akikuombea. Huzikati siku tatu angalau.

Sisi tuliokulia karibu na ngoma za pepo hatuna haki ya kushangaa. Kwetu kila pepo ana ngoma yake, na mgonjwa hatulii mpaka ipigwe iliyo yake hasa. Isan nako wapo mabibi wa phi fa, wanaomzunguka mgonjwa wakighani na kucheza, khaen ikilia, mpaka asimame acheze nao. Tazama basi: Hofer alisema sehemu yako imebaki nyumbani, akasema kwa Kigiriki. Mkeo kasema hivyohivyo kwa Kilao, na tiba yake haihitaji ndege. Dini yako hukunitajia. Kama kuna kitu kwenye sinia kinakukwaza, pombe ya mchele kwa mfano, mwambie mapema kitolewe. Wanatoa bila kinyongo. Lakini usiikatae shughuli yenyewe. Miaka tisa wewe ni khoei pale, mkwe aliyekuja kukaa kwao mwanamke kama ilivyo desturi yao, na bado unalia peke yako. Siku hiyo kijiji kizima kitakushika mkono mmoja mmoja. Sijui dawa ya maabara inayofanya hivyo.

Ya kurudi nyumbani ni mafupi. Nenda, kaa wiki sita, kula vya kwenu, kaa na walio hai na uzuru makaburi ya wasiokuwepo. Usivunje nyumba kwa sababu ya wimbo. Kant amekwisha kukuambia utakachokikuta. Na hili si fani yangu ila nimeona watu wakiumia: kama unakaa Thailand kwa kibali cha mwaka cha ndoa au cha ustaafu, ukitoka nchini bila kibali cha kurudia kinafutika hapohapo. Cha safari moja ni baht 1,000, kichukue uhamiaji kabla ya kufunga begi.

Kanda zako. Acha kuzipiga leo hii. Kanda yenye ukungu inaupaka kwenye kichwa cha redio, na kichwa kinaupaka kwenye kanda inayofuata. Zitenge zilizougua na zilizo nzima. Zote zitie kwenye makasha yanayofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu, ziwe kavu kabla mvua za Mei hazijaanza. Zikishakauka, futa ukungu unaoonekana kwa pamba ukiwa nje na umefunika pua, zungusha kila kanda kwa mkono mwanzo hadi mwisho ili ilegee, safisha kichwa cha redio kwa spiriti, kisha ipige mara moja tu huku ukiirekodi kwenye kompyuta. Mara moja. Zingine utazipata mtandaoni, watu wamepakia nyingi, lakini kama una kanda uliyorekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania, na sauti ya mtangazaji imo katikati, hiyo usimwachie fundi wa mtaani. Niandikie.

Sasa ya kujichunguza. Hamu humpata mtu usiku, ikamwacha mchana akala, akacheka, akagombana na kuku. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, chakula hakipiti, hata dansi lenyewe halikupi ladha, au lao khao, ile pombe kali ya mchele, imeanza kukaa karibu na zile spika za masikioni, hapo tumeingia habari nyingine. Usione aibu kwenda kituo cha afya cha tambon, yaani kata, au mwite yule mama mhudumu wa afya wa kujitolea anayepita kuwapima wazee presha. Kijiji chenu lazima kinaye. Na kama wazo la kufa limekupitia, usingoje wiki mbili: namba 1323 ni ya idara ya afya ya akili, inapokelewa saa zote, mkeo anaweza kupiga kwa niaba yako.

Kama hakuna kati ya hayo, basi dozi yako naiandika hivi. Vua nyaya. Chagua jioni, si usiku, saa kumi na mbili watu wakirudi shambani. Weka spika barazani, sauti ya kiasi, piga wimbo mmoja mzima, na ukifika kwenye chemko usiguse kitu. Mwambie mkeo, kwa maneno machache, mwimbaji analia nini. Yeye atawatafsiria wanaopita. Fanya hivyo wiki tatu nne. Shughuli ya nyuzi ikifika, au bun yoyote, yaani sherehe ya dini, ya familia yenu, mwendee fundi wa gari la spika kabla hajaanza kunywa, mpe flashi yenye nyimbo mbili, zile zenye chemko ndefu. Kama mpigaji wa phin ni kijana mwenye masikio, mwache alisikie solo mara tatu, uone atafanya nini nalo. Hao hupiga kwa kusikia.

Wa kwanza kuja watakuwa mabibi. Mikono yao itakuwa juu, viganja vinazunguka, kiuno kimetulia. Wewe cheza chini kama ulivyozoea, hawatakuhukumu. Na ile flashi iandike jina kwa kalamu ya wino mzito, maana mafundi wa spika, wa Roi Et kama wa Morogoro, hawarudishi.